Si Kila Kipepeo wa Ajabu Itigi Ni Mgeni

Mvua zikishika na vichaka vya Itigi kuchipua, vipepeo hujaa, na madai hujaa pamoja nao: ameonekana kipepeo adimu, katoka mbali. Madai hayo tuyapime, maana rekodi yenye kosa humpotosha kila atakayeitegemea.

Dai la kwanza: "Hana ncha nyeusi za mbawa, kwa hiyo si wa kwetu." Si kweli. Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa, ana sura kadhaa Afrika Mashariki. Wapo wenye ncha nyeusi na madoa meupe, na wapo wasio nazo, waitwao dorippus. Wote ni wenyeji.

Dai la pili: "Rangi inatosha kumtambua." Haitoshi. Ndege humkwepa Danaus kwa sumu anayoipata tangu akiwa kiwavi, kwenye mimea yenye utomvu mweupe. Jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, halina sumu hiyo, lakini humwiga, hata dorippus humwiga. Tazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au zaidi katikati, Hypolimnas ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Huyo Hypolimnas, akionekana Florida, Marekani, ndiye mgeni adimu. Afrika ni kwao.

Dai la tatu: "Kipepeo hawezi kusafiri mbali hivyo." Anaweza. Mwaka 2013 vipepeo aina ya Vanessa cardui walikutwa ufukweni Guyana ya Kifaransa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba walivuka Atlantiki kutoka Afrika Magharibi wakisaidiwa na upepo, safari ya kilomita 4,200 au zaidi. Kwa hiyo wageni wapo, na anayetoa taarifa asibezwe, aombwe ushahidi.

Dai la nne: "Kitabuni hatajwi Itigi, basi amepotea njia." Kitabu cha Jan Kielland kuhusu vipepeo wa Tanzania, cha mwaka 1990, ni msingi imara, lakini ramani yoyote huonyesha mahali watafiti walipofika. Asiyeandikwa huenda alikuwapo siku zote. Kinachosaidia kuamua ni mmea anaokula kiwavi wake: ukiwapo hapa, na viwavi wakiwa juu yake, huyo anazaliana hapa, na huenda ni mkazi.

Ukimwona usiyemjua, mpige picha mbawa juu na chini, andika tarehe, mahali na mmea aliotua. Bila hayo, usimwite mgeni.