Kabla ya kutoa makuta ya parseli, tafuta avoka wako mwenyewe

Hapa Kapalata kila mtu anajua namna parseli inauzwa. Komisionere anakuja na habari, mnakwenda kuona mahali, mnaongea bei, shefu wa kartie anaitwa. Karatasi inaandikwa kwa mkono ao kwenye ordinatere ya jirani, mashahidi wanatia sinyatire, tampo inapigwa, makuta inahesabiwa juu ya meza. Watu wanakunywa kidogo. Kesho yake mnunuzi anateremusha mchanga na briki. Na ukimuuliza, "Papa, ulionesha avoka ile karatasi?", jibu ni moja: "Avoka wa nini? Shefu wa kartie alikwisha kutia tampo."

Sisi vijana tunaoishi hapa tunataka kusema wazi: tampo ya shefu wa kartie haimfanyi mtu kuwa mwenye parseli. Sheria ya ardhi ya nchi yetu, ile namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema kwenye artikle 53 kwamba udongo wote ni mali ya Leta. Kile tunachouziana sisi kwa sisi ni haki ya kukaa juu yake, pamoja na nyumba iliyojengwa. Na artikle 219 inasema haki hiyo inathibitishwa na kitu kimoja tu: sertifika ya anrejistrema, inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi. Bila ile sertifika kwa jina lako, wewe ni mtu aliyetoa makuta akapewa ahadi.

Shefu wa kartie iko na kazi yake, hatumdharau. Anajua nani anakaa wapi, nani ni mtoto wa nani, mpaka wa zamani ulipita kwenye muti gani. Ni shahidi muzuri. Lakini shahidi si konservatere, na siku kesi inafika tribinali, tampo yake haitasimama peke yake mbele ya sertifika ya mtu mwingine.

Hapo njo kuna hatari ambayo watu wengi hawaijui. Artikle 227 ya sheria hiyo hiyo inasema sertifika ikikwisha kutolewa, inaweza kupingwa ndani ya miaka miwili. Miaka miwili ikipita, haki iliyoandikwa ndani yake haishambuliki tena. Unabaki tu kuomba fidia kwa yule aliyekukosea, kama utamuona. Tuseme wewe umenunua kwa karatasi ya shefu, umejenga vyumba vitatu, umepanda ndizi nyuma ya nyumba, umekaa kwa amani. Upande wa pili, mtoto wa yule aliyekuuzishia anakwenda ofisini na karatasi za babake, anatoa sertifika kwa jina lake, ananyamaza. Mwaka wa tatu analeta mtu wa tribinali na polisi. Utalia kwamba ulilipa, na ni kweli ulilipa. Lakini wakati wa kupinga ulipita ukiwa unapika sombe nyumbani kwako.

Kwa hiyo swali la avoka si swali la matajiri wa Makiso. Ni swali la mtu mwenye kuweka franga miaka kumi ili anunue mahali pa kulala watoto.

Uingereza kuna wanasheria ambao kazi yao ya kila siku ni kuhamisha nyumba kutoka jina moja kwenda jingine. Mnunuzi anakuwa na wake, muuzaji na wake, na makuta inapita mikononi mwao, haipite mezani kwa jirani. Kenya vilevile avoka anakwenda kwanza kutafuta kwenye rejista ya ardhi kabla mteja wake hajalipa. Kwetu hakuna mtu mmoja mwenye kazi hiyo yote, na wengi wanapotea hapo. Wanafikiri notere atafanya kila kitu. Notere wetu ni mtumishi wa Leta: anahakikisha kwamba wewe ni wewe, muuzaji ni muuzaji, na mmetia sinyatire mbele yake bila kulazimishwa. Karatasi aliyoipitisha ina nguvu kuliko ya mkono, na konservatere anaihitaji ili abadilishe jina. Lakini notere hatakwenda Kapalata kuangalia kama zile borne ziko mahali pake, wala kuuliza kama muuzaji ana bibi mwingine. Jeometre wa kadasta atapima, lakini hatakuambia kama bei ni haki. Konservatere ataandika kile kilicholetwa mbele yake. Mtu wa kuunganisha hizo kazi zote, akiwa upande wako, ni avoka. Na sababu hakuna anayekupangia, ni wewe wa kumchagua.

Sasa, anapatikana wapi? Mara nyingi komisionere anamleta. "Usisumbuke, maman, niko na avoka wangu, ataandika karatasi muzuri." Tunawaambia wazazi wetu: hapo simameni. Komisionere analipwa siku parseli inauzwa. Isipouzwa, analala njaa. Yule avoka anayemletea kazi kila wiki ni yeye, si wewe. Wewe atakuona mara moja maishani. Avoka unayemhitaji ni yule anayeweza kukuambia "usinunue" na bado ukamlipa kwa kazi yake. Kama malipo yake yanategemea mauzo yatokee, huyo ni komisionere wa pili mwenye tai. Na avoka wa muuzaji, hata kama ni mtu mwema, ni wa muuzaji.

Tunajua ndani ya makomisionere kuna vijana wenzetu, wengine tulisoma nao. Kazi hakuna, mtu anatafuta namna ya kuishi. Hatuwaite wezi. Lakini ndugu, kuuzisha parseli moja kwa watu wawili si njaa, hiyo ni kosa la kufungwa, na mnajua vizuri nani ataonyeshwa kidole.

Kumchunguza avoka si vigumu. Avoka anakula kiapo na jina lake linaandikwa kwenye tablo ya baro. Mambo hayo yamepangwa na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979. Nenda kwenye ofisi ya batonie, uliza kama jina hilo liko. Kuna pia madefansere wa mahakama, ambao sheria inawatambua, na wengine wanafanya kazi vizuri, lakini mipaka yao si sawa na ya avoka, basi ujue uko mbele ya nani. Kuna kundi la tatu, wale wenye kartable na kadi ya kizamani wanaosimama karibu na ofisi za ardhi wakijiita "mwanasheria". Hao hawana tablo hata moja.

Ukimpata, usimuulize kwanza bei. Muulize atafanya nini kabla hujatoa franga moja. Anayejua kazi atakujibu hivi, kwa maneno yake: atakwenda mwenyewe kwa konservatere na namba ya sertifika, kuangalia kama ndiyo ile iliyo ndani ya kitabu, kama haina ipoteki ya benki, kama hakuna mtu aliyepinga. Ataangalia tarehe yake, kwa sababu ya ile miaka miwili. Atatofautisha sertifika na kontra ya lokasio. Hii ya pili watu wanaionesha kwa majivuno, na tampo zake nyingi, kumbe ni ruhusa ya muda, haipite miaka mitatu, ya kumwezesha mtu kujenga kabla ya kuomba haki kamili. Mtu anayekuuzishia kontra iliyokufa anakuuzishia karatasi. Kisha avoka atapanda toleka na wewe mpaka hapa, atasalimia majirani wa pande zote. Avoka asiyetaka kukanyaga matope ya Kapalata, muache akae Makiso.

Na hapa kwetu kuna jambo moja zaidi la kuuliza. Watu wa mbali wanajua jina la Kapalata kwa sababu ya kambi ya askari. Parseli yoyote inayosemwa iko "karibu na kambi" ao "kwenye mpaka wa Leta", avoka aulize kwanza kama si ya Leta kabisa. Udongo ambao Leta imeuweka kwa kazi yake hauwezi kuuzishwa na mtu, hata akiwa na cheo.

Lakini kuliko konservatere na kambi, kesi kubwa zinatoka ndani ya familia. Papa amekufa, ndugu yake mkubwa anakamata funguo, anaita komisionere. Watoto wako Kinshasa ao Bunia, wengine bado wadogo. Kodi ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wa marehemu kwenye mustari wa kwanza wa waridhi. Baba mkubwa hayuko mbele yao. Na nyumba ya watu waliooana haiuzwi na bwana peke yake bila bibi kukubali. Avoka wako adai karatasi ya urithi, adai majina ya watoto wote, adai sinyatire ya bibi mbele ya notere. Muuzaji akikasirika, akisema "kwetu mwanamuke hasemi juu ya parseli", hapo umekwisha kupata jibu lako, rudi nyumbani na makuta yako.

Mwaka 2023 tuliona kule Lubunga moto uliowaka kati ya Wambole na Walengola kwa ajili ya udongo. Lile lilikuwa jambo la ardhi kubwa, si parseli moja. Lakini familia zilizokimbia nyumba zilizochomwa zilivuka mto mpaka kwetu, na tangu siku hiyo hatupendi kusikia mtu anasema karatasi za udongo ni mambo madogo.

Kwa wale wanaouzisha: na ninyi tafuteni wenu. Usimpe komisionere sertifika ya asili "akaoneshe wateja", mpe fotokopi. Usitie sinyatire kwenye prokirasio usiyosomewa kwa luga unayosikia. Na makuta ipokelewe siku moja, mbele ya notere ao kupitia benki, si vipande vipande vya miezi nane.

Kwa wakubwa tunaomba mambo mawili, na tutarudi kuyauliza. Ofisi ya ardhi ibandike nje, kwa Kiswahili na Kilingala, bei ya kila hatua, ili mtu alipe benki kwa noti ya persepsio, asilipe mkononi. Na baro ipeleke orodha ya maavoka wake kwenye nyumba za komini zote sita, ili mama anayeuza mihogo asilazimike kuuliza komisionere jina la avoka.

Mwisho ni kwa ninyi wengi mliokwisha kununua zamani na mko na karatasi ya shefu wa kartie tu ndani ya sanduku. Msiichane, ni ushuhuda. Lakini kama yule aliyewauzishia angali mzima, mtafuteni mwezi huu. Mkae naye kwa amani, mumpeleke kwa notere akubali mbele yake kwamba aliuza na kwamba alipokea makuta yote, na muanze njia ya kwenda kwa konservatere. Akifa, mtaanza kuongea na watoto wake saba, na kila mmoja atakuwa na bei yake.