Mtoe Mwenzako, Nyumbu Wako Jirani

Mpenzi msomaji wa Katesh, Haydom au Dongobesh, mara ya mwisho kumtoa mwenzako out ilikuwa lini? Usiniambie harusi ya binamu!

Hapo mbele ya Babati kuna Tarangire, hifadhi ya taifa tangu 1970. Kiangazi, Julai hadi Oktoba, nyumbu, pundamilia na tembo hujazana mtoni, maana kwingine maji yamekauka. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia huelekea mbuga za Simanjiro kuzaa. Majani ya kule yana madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Kwa hiyo nendeni kiangazi. Changeni gari na wenzenu. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni.

Kinachoniuma ni kwamba mapito yao yanazibwa na mashamba na makazi, kidogo kidogo. Na ndoa nyingi naziona hivyo hivyo: shamba, mifugo, ada, simu. Hakuna aliyegombana, ila njia ya kufikiana imezibwa.

Basi anza kuweka akiba leo. Ng'ombe mwachieni shemeji, nendeni wawili. Mkiwa mtoni, simu zimeni, muongee.