Nyanya za Futari na Baridi ya Jokofu



Mwaka jana, mwishoni mwa Shaabani, kamati yetu ilinunua matenga mawili ya nyanya kwa ajili ya futari ya pamoja hapa msikitini. Bei hupanda mwezi mtukufu unapoandama, nasi tuliona ni busara kuwahi. Tulichagua nyanya mbichi ili zidumu, tukazitia katika jokofu la jikoni. Mama mmoja miongoni mwa wapishi wetu alituonya kwamba nyanya mbichi haipendi baridi. Hatukumsikiliza, tulidhani kila kiingiacho jokofuni kimesalimika.

Baada ya wiki mbili tulizitoa zikiwa za kijani vilevile, tukafurahi. Furaha haikufika siku ya nne. Ziligeuka rangi kwa mabaka, hapa njano, pale nyekundu. Ngozi ikabonyea vishimo, kisha ukungu mweusi ukaanza kuzitafuna. Zaidi ya nusu tulizitupa, nazo zilinunuliwa kwa fedha za sadaka. Katibu ndiye aandikaye taarifa ya matumizi, na sentensi ile ilikuwa nzito kuiandika.

Tumejifunza tangu hapo kwamba nyanya iliyochumwa ingali hai. Hupumua, na hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo ndiyo huamrisha rangi igeuke, nyama ilainike na harufu itokee. Baridi iliyo chini ya nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, ikidumu siku nyingi, huvuruga kazi hiyo na kulijeruhi tunda kwa ndani. Na jokofu la nyumbani huwa karibu na nyuzi 4. Jeraha hilo hujificha maadamu tunda limo baridini. Hudhihirika likirudi kwenye joto, na hapo ndipo tulipohadaika.

Nyanya mbivu huvumilia zaidi, ila nayo hupungukiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walionyesha kwamba nyanya mbivu zilizokaa siku 7 kwenye nyuzi 5 zilipoteza sehemu kubwa ya harufu yake, ilhali sukari na uchachu havikuguswa. Anayekula kachumbari iliyopooza ladha na ajue pa kutazama.

Basi mbichi ziachwe nje, kivulini, penye hewa. Wala si katika stoo ya bati: joto likizidi nyuzi 30, wekundu hukataa kuja, tunda likabaki na umanjano. Zilizokwisha kuiva, ikiwa hazitaliwa upesi, zaweza kuingia jokofuni siku mbili tatu. Zinazokaribia kuharibika zipikwe rojo, zigandishwe; mchuzi haulalamiki.

Ramadhani ya mwaka huu tulinunua tenga moja moja kila baada ya siku chache, kwa bei ya juu kidogo. Mhazini alinung'unika. Ufunguo wa stoo tumemkabidhi mama yule aliyetuonya.