Mteja Akiuliza "Kiini Chake cha Njano?", Usimjibu kwa Jina la Kuku

Wajasiriamali wenzangu mnaouza mayai mtandaoni, leo nina jambo ambalo huenda baadhi yenu lisiwafurahishe. Kiini cha njano siyo ushahidi kwamba kuku ni wa kienyeji. Ni ushahidi wa alichokula. Basi.

Nauza mayai kwa WhatsApp huku Chamazi, kutoka kwenye banda la kuku chotara 50 nyuma ya nyumba. Swali ninaloulizwa kuliko yote, kabla hata ya bei, ni hilo hapo juu. Najua na nyie wa Tegeta, Bunju na Madale mnaulizwa hivyo hivyo. Dada anayeoka keki anataka njano. Muuza chips anataka njano ili zege lake livutie. Mama mwenye mtoto mdogo anataka njano kwa kuwa anaamini ndiyo yenye afya. Na wauzaji wengi wanajibu kwa mkato: "Hayo ni ya kienyeji, dada." Oda inaingia, trei inapanda bodaboda, biashara imeisha.

Kwa maoni yangu, jibu hilo linatuumiza wote. Ngoja nieleze.

RANGI INATOKA WAPI

Kuku hawezi kutengeneza rangi ya njano mwilini mwake. Anaipata kwenye chakula, kwenye viambata vinavyoitwa karotenoidi, ambavyo vimo kwa wingi kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Kuku wa kienyeji anayezurura anadonoa majani kutwa, ndiyo maana kiini chake kinakolea. Mfungie ndani umlishe pumba za mahindi meupe peke yake, kiini kitapauka na ukienyeji wake wote. Na kuku wa kisasa ukimpa majani, kiini chake kitakolea vilevile.

Tatizo letu Tanzania ni kwamba mahindi yetu mengi ni meupe. Wazee wanaukumbuka unga wa "Yanga", ule wa mahindi ya njano uliokuja miaka ya uhaba wa chakula, na wengi hawataki kuuona tena mezani. Sawa, kwenye ugali tumechagua. Ila kwa kuku, mahindi meupe hayana rangi ya kumpa, kwa hiyo lazima uitafute pengine.

NINACHOLISHA MIMI

Mlonge, mchicha na matembele. Basi. Vyote vinaota huku kwetu, na mchicha unaobaki sokoni jioni unaupata kwa bei ya kutupa.

Majani mabichi nayafunga fungu na kuyaning'iniza bandani mchana, kuku wakishakula chakula chao cha asubuhi. Usiwape kwanza. Majani yamejaa maji; kuku akishiba majani hali chakula cha kutagia, na mayai yanapungua. Utakuwa na kiini kizuri kwenye trei ambayo haijai.

Ya akiba nayakausha kivulini, siyo juani. Jua kali linaua ile rangi unayoitafuta. Yakikauka natwanga, naweka kwenye mfuko usiopitisha mwanga. Hesabu yake ni nyepesi: kuku mmoja wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 50 wanakula kilo 6. Unga wa majani usizidi asilimia 5, yaani gramu 300 kwa siku kwa kuku wote hao. Ukitumia lusina, kuwa makini zaidi, maana ina sumu yake ikizidi. Kisamvu nacho usiwape kibichi.

Ukitaka kiini kielekee rangi ya machungwa, pilipili nyekundu iliyokaushwa na kusagwa inasaidia, kidogo tu. Kuku hasikii ukali wa pilipili kama sisi. Ila wanaorundika mabaki ya karoti wakitegemea miujiza watachoka bure. Rangi ya karoti kuku anaigeuza sana kuwa vitamini A, ni kidogo inayofika kwenye kiini.

Halafu uwe na subira. Kiini kinajijenga kwa kasi katika siku kama 10 za mwisho kabla ya yai kutagwa. Ukianza leo, utaona mabadiliko kidogo kidogo, na rangi itatulia baada ya wiki mbili hivi. Usitangaze "njano tupu" kwenye status siku ya tatu. Na ukiacha majani, rangi nayo inaondoka kwa mwendo huohuo. Ndiyo maana ile akiba ya unga ni muhimu kiangazi.

RANGI IKIPOTEA GHAFLA

Hapa ndo pana faida ambayo wengi hawaioni. Kama chakula hakijabadilika na viini vimepauka, usikimbilie kuongeza majani. Angalia afya ya kuku. Minyoo na kuhara damu vinaharibu utumbo, na utumbo mbovu haufyonzi rangi. Mahindi yenye ukungu, yaani yenye sumukuvu, nayo yanaleta shida hiyohiyo. Kiini kinakupa taarifa kabla kuku hajaanza kujikunyata.

Ukiona viini vina mabaka au rangi ya kijani iliyochafuka, hasa mayai yakikaa, ulizia mashudu. Mashudu ya pamba yakizidi yanaleta hilo. Ya alizeti hayana kesi hiyo. Na dagaa wakizidi, rangi haitakusaidia kitu, mteja atasikia shombo kwenye yai.

SASA TUJE KWENYE KUUZA

Kuna wenzangu wananiambia: "Mteja anataka njano, mpe njano, mengine ya nini?" Njano nampa. Ninachokataa ni kumuuzia njano kwa jina la kienyeji, au kwa jina la dawa. Kiini kilichopauka hakina upungufu wa protini kwa sababu tu kimepauka. Kukolea kunaonyesha kuku amekula majani, ni jambo zuri, lakini haligeuzi yai kuwa tiba ya macho wala ya damu. Mama anayebana hela ya mtoto ili anunue mayai yako ya bei juu, akiamini ya bei nafuu hayana lishe, umemwibia hata kama yai lako ni zuri.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwa TBS. Usijidanganye kwamba duka la WhatsApp halionekani. Chati zinahifadhiwa. Mteja ana picha yako, maneno yako na namba yako ya malipo.

Njia ya mkato nayo mwisho wake unajulikana. Mwaka 2006 nchini China kuna wafugaji walibainika kuwalisha bata rangi ya viwandani iitwayo Sudan ili viini viwe vyekundu. Rangi hiyo haitakiwi kwenye chakula, inahusishwa na saratani. Mayai yakaondolewa madukani, na wafugaji wasiohusika nao wakakosa wateja. Mtu akija kukuuzia unga wa "kukoleza kiini" usio na jina wala lebo, mwache aende nao.

Ushauri wangu ni huu:

1. Uza chakula cha kuku, usiuze kabila lake. Andika: "Kuku chotara, wanakula mlonge na mchicha kila siku." Hilo ni kweli, na linauza kuliko neno "kienyeji" ambalo kila mtu analitumia.

2. Kila wiki vunja yai moja kwenye sahani nyeupe, mchana, kivulini, piga picha bila filta. Filta inaongeza njano kwenye simu, haiongezi kwenye kikaango cha mteja.

3. Andika tarehe ya kutagwa kwenye trei. Mayai mapya yanarudisha mteja hata wiki ambayo rangi imepungua.

4. Rangi ikishuka, sema kabla hajauliza. "Wiki hii viini vimepungua njano, majani yamekuwa shida." Utashangaa ni wangapi wataendelea kuchukua.

Mimi wateja wangu wa kudumu wanajua kuku wangu ni chotara. Yule wa keki ananijua, muuza chips ananijua. Bei yangu iko juu kidogo ya mayai ya dukani na hawabishani nayo, kwa sababu nilishawaeleza wanacholipia: majani, usafi na tarehe. Siku mshindani akija na "kienyeji original" kwa bei ya chini, hana cha kuninyang'anya, maana sikuwauzia jina.

Mteja wa mtandaoni hakuoni banda lako. Anachoona ni maneno yako, halafu anavunja yai jikoni kwake. Hakikisha vitu hivyo viwili vinafanana.

Wewe kuku wako unawapa nini, na mteja wako unamwambia nini? Tuambizane.