KODI YA MOSHI: BWANA APUNGUZIWA, MLINZI ATOZWA



Twaambiwa kwamba kodi ya moshi wa magari ni kodi ya haki: achafuaye hewa na alipe. Neno hilo hatulipingi. Sisi wa reli tumekula moshi wa dizeli katika yadi na karakana, wala hatuutetei. Lakini tazameni hesabu ya Uingereza, maana mambo ya huko hayachelewi kufika kwetu.

Mwaka 2002 Serikali ya huko ilianza kuwatoza kodi watu wanaopewa motokaa na kampuni kwa kadiri ya kaboni itokayo. Dizeli hutoa kaboni kidogo kuliko petroli, basi mabwana wakubwa wakaikimbilia. Walipozichoka wakaziuza, na mfagiaji wa ofisi na mlinzi wa usiku wakazinunua zimekwisha tumika. Kisha ikasemwa kwamba dizeli ina sumu nyingine. Tangu tarehe 29 Agosti 2023, mwenye dizeli ya zamani akiiendesha popote London hutozwa pauni 12.50 kwa siku. Siku hukatwa saa sita ya usiku, kwa hiyo mlinzi aendaye jioni na kurudi asubuhi, zamu yake moja ni siku mbili!

Na yule bwana? Yeye amekwisha hamia gari la umeme. Tangu Aprili 2022 hata Aprili 2025, gari la umeme la pauni 80,000 lilihesabiwa kwa asilimia 2 tu, yaani kama nyongeza ya mshahara ya pauni 1,600. Mtu wa kodi ya asilimia 40 alilipa pauni 640 kwa mwaka mzima. Gari la petroli la bei ile ile, lenye moshi mwingi, lilihesabiwa asilimia 37, kodi yake pauni 11,840. Nani asingechagua la umeme? Basi mlinzi naye: siku 52 za London ni pauni 650.

Watasema kulikuwa na msaada wa kuvunja magari makuukuu. Ni kweli, pauni 2,000 kwa motokaa. Kwa fedha hizo gari jipya hulipati. Asiye na akiba akakope.

Kodi ya namna hiyo ikiletwa hapa Kenya, Chama kidai mambo mawili kabla ya kukubali. Kwanza, bei ya gari ihesabiwe pamoja na moshi wake, hata likiwa la umeme. Pili, fedha zitakazokusanywa ziende katika mabehewa ya abiria wanaokwenda kazini alfajiri.