Mtoto aliyekimbia vita apewe uji, na sataranji pia

WAMAZA – Ukitaja sataranji, ule mchezo ambao wengi wanaita eshek, kwa ajili ya watoto wa familia zilizokimbia vita, jibu ni lilelile: «Wape kwanza chakula. Mchezo huo ni wa watoto wa Kinshasa.»

Ni kweli, njaa haingoji. Lakini nani alisema ni lazima kuchagua? Katika mtaa wa Katwe, kule Kampala, Phiona Mutesi alianza kwenda kwa mwalimu Robert Katende mwaka 2005 kwa sababu ya kikombe cha uji. Uji na sataranji vilikuwa pahali pamoja. Mwaka 2010 msichana huyo alichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi. Na kambini Kakuma, Kenya, UNHCR na FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huo, walianza kuwafundisha wakimbizi mwaka 2021. Kakuma si mji wa matajiri.

Wengine wanauliza: mchezo unafundisha nini? Waangalie wanaoanza kushindana. Wengi wanaangushwa na mtego mmoja. Mweupe anasukuma askari wa mbele ya mfalme nyumba mbili, mweusi vilevile. Malkia mweupe anatoka mbio hadi ukingoni, askofu anamfuata. Wote wawili wanamlenga askari mmoja tu, yule anayelindwa na mfalme mweusi peke yake. Asipoona, kwa mwendo wa 4 mchezo umekwisha. Lakini mtoto aliyezoea kujiuliza «huyu anataka nini kwangu?» anamweka malkia wake mbele ya mfalme, na mtego unavunjika.

Swali hilo mtoto wa Kabambare analihitaji kila siku: mtu anapomwita kwenye shimo la dhahabu, au anapomwahidi bunduki na heshima. Sataranji haitaleta amani. Inamzoeza mtoto kufikiri kabla ya kuitika, na masomo yakiwa yamekatika, hilo si jambo dogo.

Gharama nayo si kisingizio. Nyumba 64 zinachorwa kwa makaa juu ya karatoni. Kete 32 ni vifuniko vya chupa vyenye alama. Kinachokosekana ni mtu mzima mmoja anayejua mchezo, atakayekaa na watoto hao kila juma bila kuchoka.

Wanaosema «chakula kwanza» walete basi hicho chakula, na wasiufukuze ubao.