"Mteja" na Wakala Asiyejibu

Toleo la 3 la itifaki ya SNMP, ambalo viwango vyake vilichapishwa mwaka wa 2002, huwapa wasimamizi wa mitandao njia salama ya kuihoji mitambo. Programu moja huuliza. Nyingine, wakala, hujibu kupitia mlango nambari 161. Tafsiri iliyo rahisi kwa ile inayouliza ni "mteja", nayo inapotosha. Nchini Kenya neno hilo limekwisha kuchukua maana ya mtu asiyepatikana kwenye simu, ilhali hapa anayetafutwa ni wakala. "Mwulizaji" lingefaa zaidi.

Mathalani, mwanafunzi aziweke programu zote mbili katika tarakilishi moja, kwa anwani ya 127.0.0.1. Ujumbe hautoki nje ya mashine, hivyo kebo haina hatia. Kimya kikitanda, huenda wakala hajawashwa au hasikilizi mlangoni. Lakini akijibu kwamba hamjui mtumiaji, au kwamba uthibitisho umeshindikana, basi yu hai. Kasoro imo katika jina au nywila (ambayo, aghalabu, haikubaliwi ikipungua herufi 8). Tena ufunguo wa siri huzaliwa na nywila pamoja na kitambulisho cha wakala mwenyewe. Kitambulisho kikibadilika, ufunguo uliohifadhiwa haulingani tena, na mtumiaji hana budi kusajiliwa upya.

Watungaji wa istilahi hupenda nomino. Waanze na jumbe hizi za hitilafu, maana ndizo mwanafunzi anazokodolea macho usiku wa manane.